Mchwa Alisingiziwa: Kisa cha Uwanja wa Nyasi Uliokauka Njiro

Nyumba iko Njiro, Arusha. Mbele ya veranda kuna uwanja wa nyasi za Kikuyu wenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 12, yaani mita za mraba 180, uliopandwa miaka sita iliyopita. Mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yameshaaga, doa la njano lenye ukubwa wa sinia lilitokea karibu na taa ya ulinzi. Wiki ya pili madoa yakawa matatu, ya nne yakaungana. Kufikia katikati ya Julai, karibu mita za mraba 40 zilikuwa na rangi ya makuti makavu.

Mwenye nyumba hakukaa bure. Kwanza alizidisha maji, akidhani jua limewahi. Doa likaongezeka. Akanunua urea kilo 4, akaimwaga yote kwenye sehemu iliyougua. Doa likaongezeka tena, safari hii haraka. Ndipo kijana wa bustani alipofunua majani makavu akakuta gamba la udongo na mchwa chini yake, hukumu ikatoka papo hapo. Akaitwa mpulizaji na bomba la mgongoni la lita 16, akapuliza dawa ya wadudu iitwayo lambda-sihalotrini jioni moja. Mchwa wakafa. Nyasi nazo zikaendelea kufa.

Vipimo na hesabu za kisa hiki ni za mfano, vimepangwa ili msomaji avirudie kwenye uwanja wake. Mfululizo wenyewe wa maji, mbolea, mchwa, dawa haukuhitaji kubuniwa: ndivyo mambo yanavyokwenda mahali ambapo dawa inanunuliwa kabla beleshi halijaingia ardhini.

Dalili iliyofukuzwa kwa mawe

Kulikuwa na dalili moja iliyokuwa ikipiga kelele kila asubuhi, na mwenye nyumba aliichukia. Kwarara, wale ndege wakubwa wa rangi ya kijivu na hudhurungi wenye mdomo mrefu uliopinda, walikuwa wakitua uwanjani alfajiri na kuuchomachoma. Waliacha vitundu vyembamba, vingi, na hapa na pale vipande vya nyasi vilivyong'oka. Ikaonekana kwamba ndege ndio wanaouharibu uwanja, wakawa wanafukuzwa kwa mawe.

Kwarara hali nyasi. Anatafuta nyama iliyo chini ya nyasi: mabuu, nyungunyungu, chenene. Akitua mara moja na kuondoka, hilo halina maana kubwa. Akirudi kila siku mahali pale pale, tena kwenye ukingo wa doa wala si katikati yake, anakuonyesha pa kuchimba. Katika kisa hiki vitundu vyake vilifuata mpaka wa njano na kijani kama mtu anayepima shamba.

Kuvuta kabla ya kuchimba

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Simama pale njano inapokutana na kijani, shika fumba la nyasi kwa mikono miwili, vuta taratibu kwenda juu. Nyasi za Kikuyu zenye afya zina vikonyo vinavyotambaa chini na juu ya udongo, na mizizi hushuka kwenye kila kifundo. Utavuta mpaka ukatike kiuno. Hapa nyasi zilinyanyuka kama mkeka. Upana wa nusu mita ukakunjika wote, na upande wake wa chini ulikuwa karibu hauna mizizi: vikonyo vitupu, na vishina vifupi vya mizizi vilivyokatwa.

Jibu hilo peke yake linawapunguza washukiwa. Mdudu anayekula majani huacha mizizi imeshika. Mkojo wa mbwa na mbolea iliyozidi huunguza juu, lakini katika siku za mwanzo mzizi bado unashikilia udongo. Kuvu huacha mabaka kwenye jani au nyuzi nyeupe zinazoonekana umande ukiwapo. Ukame wa kawaida hukausha uwanja huku mizizi yake ikiwa bado imeshika ndani. Mkeka unaokunjika una maana moja: kuna mtu chini anakata.

Aliyekata ni nani, hilo bado. Wanaotajwa zaidi ni watano: mchwa, viwavijeshi, sota, chenene, na mabuu weupe wa mbawakawa wanaoishi udongoni. Hawastahili muda sawa.

Mchwa, kwa kuwa ndiye aliyehukumiwa

Neno "mchwa" linabeba wadudu wa tabia tofauti mno. Kwa uwanja wa nyasi, walio muhimu ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni mchwa wavunaji, *Hodotermes mossambicus*, wa maeneo makavu. Hawa hutoka mchana, hasa jua likiwa kali na mvua ikiwa mbali. Wafanyakazi wao ni weusi kiasi na wana macho, tofauti na mchwa wengi ambao ni weupe na vipofu. Hukata jani la nyasi na kulivuta hadi kwenye tundu dogo. Pembeni ya tundu utakuta kifungu cha vipande vya nyasi vilivyokatwa kwa urefu unaokaribiana, na vichuguu vidogo vya udongo uliotupwa nje. Hawa wanaweza kweli kuuacha uwanja mtupu. Lakini alama yao ni ardhi iliyo wazi na matundu, hawaachi mkeka uliokufa ukiwa bado umelala mahali pake.

Wa pili ni wale wanaolima kuvu ndani ya viota vyao, wakiwemo wa jenasi ya *Odontotermes*. Hawa hufanya kazi chini ya gamba la udongo wanalolifinyanga juu ya chakula: majani makavu, kipande cha mbao, samadi, kadibodi. Chakula chao kikuu ni mimea iliyokwisha kufa. Uwanja uliokufa kwa sababu nyingine ni karamu kwao. Wakati wa ukame mkali wanaweza kugusa hata nyasi zilizo hai, kwa hiyo si malaika, ila kuwakuta juu ya nyasi kavu hakuthibitishi kwamba wao ndio walioziua.

Namna ya kuwapima ni kuangalia walipo na walipokosekana. Katika uwanja huu magamba ya udongo yalikuwa katikati ya doa, kwenye nyasi zilizokufa wiki tano nyuma. Kwenye ukingo, ambako nyasi zilikuwa zikianza kufifia wiki ile ile, hapakuwa na gamba hata moja. Mchwa walikuwa wanalifuata doa kwa nyuma. Anayeua hukutwa mbele, kwenye mpaka wa kijani.

Wanaokula juu: viwavijeshi na sota

Viwavijeshi wa Kiafrika, *Spodoptera exempta*, wanajulikana sana ukanda huu. Wakiwa wachache huwa kijani au hudhurungi na hupita bila kuonekana. Wakiwa wengi hugeuka weusi kama mahameli wenye mistari ya kijani-njano, hula mchana kweupe, na hutembea kwa makundi. Milipuko yao hufuatana na mvua za mwanzo wa msimu. Binamu yao, kiwavijeshi vamizi *Spodoptera frugiperda*, aliyeripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka uliofuata, anapenda mahindi zaidi lakini hazikatai nyasi. Anatambulika kwa alama inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia.

Wote hawa hula jani. Uwanja ulioliwa na viwavi unaonekana kama umefyekwa na mtu mlevi usiku: hapa upara, pale vishina, na vinyesi vidogo kama punje za baruti kwenye udongo. Ukivuta, mizizi inakugomea. Nyasi za Kikuyu na ukoka wa kawaida huota upya kutoka kwenye vikonyo vyake zikipata maji, kwa hiyo hata shambulio la kutisha machoni halimaanishi kupanda upya.

Sota ni kiwavi wa kijivu, mwili kama umepakwa mafuta, anayelala udongoni mchana na kukata mashina usiku. Anatajwa hapa kwa sababu moja: akiguswa hujikunja kama herufi C, na wengi humwita buu. Mhesabu miguu. Sota ana miguu mitatu ya kweli kila upande karibu na kichwa na pia vijiguu vinene vya nyama nyuma ya mwili. Buu ana ile mitatu ya mbele kila upande, basi.

Kipimo cha wanaojificha juu juu ni maji ya sabuni. Changanya vijiko viwili vya chakula (takriban mililita 30) vya sabuni ya maji ya vyombo katika lita 4 za maji, mwaga polepole kwenye eneo la karibu mita moja ya mraba, nusu kijani nusu njano. Subiri dakika 10 ukiwa umechuchumaa, usiende kujibu simu. Sabuni huwawasha, nao hupanda juu. Ukimaliza suuza kwa maji safi, maana sabuni na jua la saa saba huunguza majani. Uwanja wa Njiro ulijaribiwa sehemu tatu: wakatoka nyungunyungu kadhaa, buibui mmoja, na kiwavi mmoja wa kijani. Kiwavi mmoja si shambulio.

Hapa ndipo wengi hukosea: maji ya sabuni yakikosa kuleta kitu, wanahitimisha kwamba hakuna mdudu. Sabuni haiwapandishi mabuu weupe. Kwao hakuna mkato, ni beleshi.

Chenene

Chenene ana urefu wa sentimita 3 hivi, rangi ya hudhurungi, mwili wenye vinyweleo laini, na miguu ya mbele mipana kama koleo. Huchimba mifereji juu juu kabisa, na udongo hupanda kama mshipa wenye upana wa kidole. Uwanja wake ukiukanyaga unabonyea. Hula mizizi na mashina, na vilevile huikausha nyasi kwa kuinyanyua tu udongo ukabaki na hewa chini. Anapenda udongo wenye unyevu na wa kichanga. Usiku wa joto baada ya mvua dume huimba kutoka tunduni. Yeye hupandishwa vizuri na maji ya sabuni, nao uwanja huu haukuwa na mishipa wala hakutoka hata mmoja. Anaondoka kwenye orodha.

Miraba mitano

Kuchimba kwenyewe kulichukua chini ya saa moja. Kwa beleshi lenye makali, kata mraba wa sentimita 30 kwa 30, pande tatu, kina cha sentimita 10, kisha ulikunje pande hilo kama kurasa. Pondaponda udongo juu ya gunia jeupe, hesabu kila buu, halafu rudisha udongo na nyasi, kanyaga, mwagia maji. Mraba kama huo ni mita za mraba 0.09, kwa hiyo idadi unayoipata ukiizidisha kwa 11 inakupa makadirio ya mita moja ya mraba.

Katikati ya doa, kwenye nyasi zilizokufa: buu 1, sawa na 11 kwa mita ya mraba. Ukingoni upande wa taa: mabuu 9, sawa na 99. Ukingoni upande wa mbali: 7, sawa na 77. Mita mbili ndani ya kijani: 3, sawa na 33. Kona ya nyuma chini ya mparachichi: sifuri.

Anayechimba katikati peke yake angerudi na jibu kwamba hakuna tatizo. Buu hula mizizi hai, ikiisha anasogea. Katikati ni makombo. Ndiyo maana doa la mabuu hupanuka kwa ukingo, na ndiyo maana kwarara walikuwa wanafuata mpaka.

Miongozo ya viwanja vya nyasi ya Marekani huweka kizingiti cha mabuu 5 hadi 10 kwa futi moja ya mraba, ambayo ni karibu sawa na mraba huu wa sentimita 30. Yaani takriban 50 hadi 110 kwa mita ya mraba. Ni kizingiti cha kukadiria. Uwanja wenye mizizi mirefu, unaokatwa juu na kumwagiwa maji ya kutosha hustahimili wengi zaidi. Uliokatwa kama kichwa cha askari hulia mapema. Hapa namba za ukingoni zimo ndani ya kizingiti, na dalili ya mkeka inazithibitisha. Zile 33 za kwenye kijani hazidai dawa, zinadai kurudiwa baada ya wiki tatu.

Si kila buu ni adui

Waliotolewa walikuwa na urefu wa sentimita 2 hadi 3, mwili wa rangi ya maziwa, kichwa cha hudhurungi, miguu sita, na sehemu ya nyuma yenye kivuli cheusi, ambacho ni udongo na chakula kinachoonekana kupitia ngozi. Hao ni watoto wa mbawakawa wa familia ya Scarabaeidae. Afrika Mashariki, jenasi za *Schizonycha* na *Heteronychus* zinajulikana kwa kushambulia mimea ya jamii ya nyasi, mahindi na miwa ikiwemo.

Lakini mwenye nyumba alikuwa ametandaza samadi mwezi Machi, na samadi ambayo haijaiva huja na mabuu yake wanaokula mboji tu. Kuwatenganisha kuna njia rahisi na ya kufurahisha. Mweke buu juu ya saruji. Akilala ubavu akijikunja na kujaribu kutambaa kwa miguu, endelea kumshuku. Akijigeuza na kuondoka kwa mgongo, miguu ikiangalia juu, huyo ni wa kundi la Cetoniinae, mla takataka zilizooza, mrudishe kwenye shimo la mboji. Kati ya mabuu 20 wa miraba ile mitano, wawili walitembea kwa mgongo. Hesabu ya kweli inapungua kidogo, hukumu haibadiliki.

Mwenye lenzi ya kukuza mara 10 anaweza kwenda mbali zaidi. Upande wa chini wa pingili ya mwisho, mbele ya tundu la haja, kuna vinywele na miiba midogo iliyopangwa kwa mtindo maalumu. Wataalamu huitumia kutambua jenasi. Kwa uamuzi wa nyumbani si lazima, ila ukipeleka sampuli ofisi ya kilimo, peleka mabuu wazima kwenye kichupa chenye spiriti, usipeleke picha ya doa la njano.

Kwa nini Julai

Mbawakawa wazima huruka jioni mvua zinapoanza. Ndio wale wanaogonga taa ya veranda na kuanguka chali. Jike huingia kwenye udongo wenye unyevu na kutaga. Mayai yanahitaji unyevu huo ili yaanguliwe, na uwanja unaomwagiliwa kila jioni chini ya taa inayowaka usiku kucha ni mwaliko wa maandishi. Doa la kwanza kutokea karibu na taa ya ulinzi halikuwa bahati.

Wakati wa masika mabuu ni wadogo na nyasi zinaotesha mizizi haraka kuliko inavyoliwa. Hakuna kinachoonekana. Kufikia Juni mabuu wako hatua ya tatu, ya mwisho na yenye ulaji mkubwa kuliko zote. Wakati huo huo mvua inakata na kipupwe kinapunguza kuota. Uwanja usio na mizizi hauwezi kunywa. Mwenye nyumba anaona njano anasema ukame, na kwa upande mmoja yuko sahihi: nyasi zina kiu, ila mdomo umekatwa.

Makala nyingi zinazosomwa kwenye simu zimeandikwa kwa kalenda ya Marekani na Ulaya. Zinamtaja mbawakawa wa Kijapani, *Popillia japonica*, na kushauri tiba mwezi Agosti. Ukizifuata Arusha utatibu mwezi usiohusika mdudu asiyekuwepo. Kalenda ya hapa ni mvua: hesabu kutoka siku mbawakawa walipojaa kwenye taa.

Makosa matatu ya mwanzo

Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kiwango cha kawaida cha kulisha nyasi ni gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, sawa na gramu 11 za urea. Kilo 4 kwenye mita 40 ni gramu 100 kwa mita, mara tisa ya kinachohitajika, kwenye mimea isiyo na mizizi ya kuipokea. Iliunguza hata zile nyasi ambazo bado zilikuwa na vikonyo hai, na ikachanganya dalili. Uwanja wote wa mita 180 ungetosheka na kilo 2, zilizonyunyizwa sawasawa na kumwagiwa maji siku hiyo hiyo.

Dawa nayo haikuwa feki. Lambda-sihalotrini ni ya kundi la dawa za wadudu liitwalo pairethroidi, na pairethroidi hushikana sana na mabaki ya mimea na udongo. Inaua kinachotembea juu: mchwa, viwavi, na kwa bahati mbaya pia mbawakawa wawindaji na siafu waliokuwa wakila mayai na mabuu wachanga. Buu aliye sentimita 5 chini ya tabaka la nyasi kavu haipati. Klorpairifosi, dawa nyingine ya wadudu ambayo mafundi wengi bado wanaitaja, ina tatizo hilo hilo la kunasa kwenye tabaka la juu, na mwaka 2025 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu sumu zinazodumu kwenye mazingira. Isikanyage kwenye uwanja wanakocheza watoto.

Kosa la maji ni dogo kwa kulinganisha. Nusu saa ya mpira kila jioni ilibakiza juu unyevu ambao jike wa mbawakawa anautafuta, bila kushuka kwenye mizizi. Lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki, kwa awamu mbili za asubuhi, zinatosha uwanja uliokomaa.

Tiba ya Julai

Mabuu wakiwa wakubwa hivi, sumu inawagusa kidogo. Imidaklopridi na dawa nyingine za wadudu za kundi lake hufanya kazi kwa mabuu wachanga. Vijinyoo vya *Heterorhabditis bacteriophora*, ambavyo huingia ndani ya buu na kumuua, hupenda udongo wenye joto la nyuzi 20 na zaidi. Usiku wa Julai Arusha hauwapi. Kinachobaki ni mikono, na kwa mita 40 mikono inatosha.

Kunja mkeka uliokufa kuanzia nje kuelekea ndani, ukivuka mpaka wa njano kwa nusu mita ndani ya kijani. Hiyo nusu mita ndiyo yenye mabuu wengi, na ndiyo ambayo watu huionea huruma. Parua udongo kwa reki hadi kina cha sentimita 7, okota, tia kwenye ndoo yenye maji ya sabuni. Nyasi kavu peleka kwenye mboji, mchwa watazifuata huko.

Kuku ni wafanyakazi bora kuliko binadamu kwa kazi hii. Kuku watano waliofungiwa kwenye eneo lililoparuliwa kwa siku mbili hawaachi kitu. Lakini uwanja huu ulishapulizwa dawa. Soma kwenye lebo muda wa kuzuia mifugo, na kama chupa haipo au lebo imechanika, okoteni wenyewe.

Baada ya hapo lainisha udongo na panda vikonyo vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, vilivyochukuliwa kona ya mparachichi ambako miraba ilitoa sifuri. Usichukue karibu na doa, utahamisha mabuu na udongo wao. Nafasi sentimita 15, theluthi mbili ya kikonyo iwe chini, kanyaga. Maji lita 5 kwa mita ya mraba kila asubuhi kwa wiki mbili, kisha punguza. Kipupwe kitachelewesha, usitie mbolea hadi uone majani mapya. Mashine ya kukatia ipandishwe hadi sentimita 4 au 5.

Msimu unaofuata

Taa ya ulinzi ibadilishwe iwe ya rangi ya njano au ya kuwaka mtu akipita. Samadi itandazwe ikiwa imeiva, isiyo na joto wala harufu. Vuli zikianza, andika tarehe ya usiku wa kwanza wa mbawakawa wengi kwenye taa, na wiki za kwanza usimwagilie jioni.

Wiki ya tano au ya sita kutoka tarehe hiyo chimba tena miraba mitano hadi kumi. Mabuu watakuwa chini ya sentimita moja, weupe wa kung'aa, rahisi kuwapita. Wakiwa chini ya 50 kwa mita ya mraba, funika udongo uende zako. Wakizidi, huo ndio wakati wa tiba ya kununua. Vijinyoo, ukivipata vikiwa hai na vimehifadhiwa kwenye baridi, kipimo chake ni 250,000 kwa mita ya mraba, yaani milioni 45 kwa uwanja wote. Lowesha udongo kwanza, mwaga jioni kwa keni ya kumwagilia, na ukitumia bomba toa chujio laini. Kisha maji tena ili vishuke. Kiuatilifu cha kemikali kiwe kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yako Arusha, na lebo iseme wazi kwamba ni cha mabuu wa udongoni. Kikishapulizwa kinahitaji lita 10 hadi 13 za maji kwa mita ya mraba papo hapo ili kishuke kwenye mizizi. Kama ni imidaklopridi, fyeka kwanza maua yote uwanjani, kwa sababu ya nyuki.

Miraba ya mwanzo iwekewe vijiti. Ile ya pili ichimbwe hatua moja pembeni, maana udongo uliokwisha kuparuliwa hutoa hesabu ya uongo.